Mtaji wa Halali kwa Biashara Changa: Umwombe Nani, Umwahidi Nini?



Ndugu zangu, wengi wetu tunamaliza chuo tukiwa na wazo la biashara lakini mfuko mtupu. Hapa Arua na Koboko mawazo hayakosekani. Kuna muhogo wa kusaga, kuna wateja wa mpakani Oraba, na kule Lobule kuna ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo wanaolima na kuuza bega kwa bega na wenyeji. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawapa haki ya kufanya kazi, kwa hiyo hata mshirika wako anaweza kuwa mmoja wao. Linalotushinda ni fedha. Somo hili linajibu maswali mawili: fedha itoke wapi, na iingie kwa mkataba gani?

1. Anza sokoni kabla ya kuomba

Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina, Mtume (s.a.w.) alimuunga udugu na Sa'd bin ar-Rabi' (r.a.), ambaye alikuwa tayari kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Alianza na samli na jibini kavu. Haukupita muda mrefu akaweza kuoa na kutoa mahari ya dhahabu.

Msaada ulikuwa halali kwake. Hata hivyo alichagua kwanza kujua soko linanunua nini. Nawe fanya hivyo. Tuchukulie unauza unga wa muhogo shilingi 2,000 kwa kilo, na kununua, kusaga, gunia na usafiri vinakula 1,800. Unabaki na 200. Ikiwa kodi na gharama nyingine za mwezi ni 300,000, lazima uuze kilo 1,500 kabla hujapata faida ya shilingi moja. Je, umeshauza hata kilo 100? Mwenye mtaji atakuuliza hilo kabla ya kitu kingine.

Fedha nyingi haziponyi hesabu mbaya. Kampuni ya chakula ya Kune jijini Nairobi ilipata dola milioni 1 kutoka kwa wawekezaji mwaka 2021. Ilifungwa Juni 2022, mwanzilishi wake akieleza kuwa bei ya dola 3 kwa mlo haikutosha kuiendesha.

2. Jua fedha unayopokea ni ya aina gani

Ugomvi mwingi wa biashara za ndugu na marafiki huanzia hapa. Mtoaji anadhani ametoa mkopo, mpokeaji anadhani amepewa zawadi. Kuna aina nne:

Sadaka au zawadi. Hairudishwi. Lakini mtu akitoa sadaka kwa ajili ya mayatima au msikiti, usiigeuze mtaji wako. Hiyo ni amana. Na zaka ina watu wake waliotajwa. Hatuichukui kwa kuwa tu tuna wazo zuri.

Qardh hasan. Ni mkopo usio na nyongeza. Ukikopa 500,000 unarudisha 500,000, upate faida usipate.

Mudharaba. Mmoja anatoa mali, mwingine anatoa kazi, faida wanagawana. Bi Khadija (r.a.) alimkabidhi Mtume (s.a.w.) mali yake kwa safari ya Sham kabla ya utume, na wanazuoni huitaja safari hiyo wanapoeleza mlango huu.

Musharaka. Wote wanatoa mtaji. Faida hugawanywa kwa makubaliano, na hasara humfika kila mmoja kwa kiasi cha mtaji wake. Kununua hisa katika kampuni kunafanana na hili.

3. Ahadi inayoharibu mkataba

Hajati anakupa 3,000,000 kwa mudharaba, mnakubaliana asilimia 60 ya faida iwe yako na 40 yake. Mwisho wa msimu mtaji umerudi na kuna faida ya 900,000. Wewe unapata 540,000, yeye 360,000. Msimu ukiwa mbaya, mkapoteza 500,000 bila uzembe wala hiana yako, yeye anabaki na 2,500,000 nawe jasho lako limepotea. Hiyo ndiyo haki: kila mmoja amepoteza alichokileta.

Sasa tuseme, ili akuamini haraka, unamwambia: "Nitakupa 100,000 kila mwezi, hata iweje." Hapo umemdhaminia nyongeza juu ya fedha yake. Jina linabaki mudharaba, lakini kitu chenyewe kimekuwa riba. Ahidi fungu la faida, usiahidi kiasi maalumu.

Kwa kipimo hichohicho tazama mikopo iliyo karibu nasi. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hutoza nyongeza kwa wanachama, na mkopo wa serikali wa PDM una asilimia 6 kwa mwaka. Usijiambie "ni kidogo tu". Muulize mwanazuoni kabla ya kutia sahihi. Nanyi mnaweza kuunda kikundi chenu, mkopeshane bila nyongeza, na fedha ya biashara iwe ya ubia.

Uganda ilirekebisha sheria ya taasisi za fedha mwaka 2016 ili kuruhusu benki za Kiislamu, na Salaam Bank ilipata leseni ya kwanza mwaka 2023. Katika murabaha, benki hununua mashine kisha inakuuzia kwa bei iliyojulikana, ukalipa kidogo kidogo. Lakini benki yoyote itataka kuona kumbukumbu za mauzo. Anza daftari leo.

4. Hisa zinakwisha

Nyinyi wawili mna asilimia 100. Mkimpa mwekezaji wa kwanza 20, mnabaki na 80. Wa pili akichukua robo ya kampuni nzima, mnabaki na 60. Anayetoa 50 mwanzoni kwa fedha ya miezi mitatu atakuwa kama kibarua katika duka lake mwenyewe. Omba kiasi kinachokufikisha hatua moja inayoonekana, kwa mfano mashine moja na wateja kumi wa kudumu. Kisha uombe tena ukiwa na nguvu zaidi.

5. Andika

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaamrisha deni la muda liandikwe na liwe na mashahidi. Basi usione haya kumwandikisha mjomba wako. Andikeni kiasi, aina ya fedha, mgao wa faida, hasara itabebwaje, na mtu akitaka kutoka atatokaje. Karatasi hiyo inalinda udugu kuliko inavyolinda fedha.

Maswali ya halaqa

1. Mwenye mtaji anataka arudishiwe fedha yake yote hata biashara ikipata hasara. Je, mkataba huu ni wa aina gani sasa?
2. Mshirika wako anaishi Lobule, nawe unasoma Arua. Nani atashika daftari, na nani atalikagua?
3. Kikundi chetu kinaweza kuanza mfuko wa qardh hasan kwa kiasi gani kila mwezi?

Allah atupe riziki ya halali na aibariki. Amin.