Tovuti na Biashara Ndogo: Somo kwa Wenye Biashara wa Kilosa na Mikumi



Mtu wa Kilosa hana haja ya kufundishwa biashara ya dirishani. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kilosa ikawa mji wa stesheni. Treni ikisimama tu, akina mama hao na mabeseni yao: ndizi, karanga, mahindi ya kuchemsha. Abiria anatoa kichwa dirishani, anauliza bei, anaomba kupunguziwa, analipa. Treni inaondoka, na fedha imebaki Kilosa.

Sasa tazama jambo lililotokea. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria katika reli mpya, ile tunayoiita SGR. Mwezi wa Juni ilianza kwenda Morogoro, na mwezi wa Julai ikafika Dodoma. Kilosa ina stesheni yake katika reli hiyo. Lakini madirisha ya treni hii hayafunguki. Ndani kuna ubaridi wa mashine, nje kuna uzio. Abiria anapita akiwa nyuma ya kioo, na mkononi ameshika simu. Hata tiketi aliweza kuikata kwa simu hiyo hiyo, akiwa nyumbani kwake.

Basi hili ndilo swali la somo letu. Kama mteja amefungiwa ndani ya kioo na macho yake yako kwenye simu, sisi wenye biashara ndogo tutampataje?

MTEJA ANAAMUA AKIWA WAPI?

Twende Mikumi. Mji huu uko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara hiyo inakatiza ndani yake kwa kilomita 50 hivi. Kwa hiyo watu wa Mikumi wana bahati mbili: wana wasafiri wa barabarani na wana wageni wa wanyama.

Kwa muda mrefu kibao kimetosha. Ukiwa na nyumba ya wageni au hoteli ya chakula, unaandika kibao kwa rangi nzuri, unakisimamisha kando ya barabara, dereva wa lori anakiona, anasimama. Kibao hicho bado kina kazi yake, usiking'oe! Lakini kina kasoro moja. Anayekiona ni yule aliyekwisha kufika.

Mgeni wa mbugani siku hizi haamui akiwa Mikumi. Familia ya Dar es Salaam inayotaka kutembea mwisho wa juma inaamua siku ya Jumatano, watu wamekaa sebuleni. Wengine wako Unguja, wanapanda ndege ndogo asubuhi, wanatua ndani ya hifadhi, na jioni wanarudi pwani. Hao wamepanga kila kitu wakiwa Unguja: gari, mwongozaji, hata chakula cha mchana. Mwingine yuko Uingereza, na safari yake ni ya miezi sita ijayo. Wote hawa hawatakiona kibao chako kabla ya kuamua. Wakifika kwako, ikiwa watafika, watakuwa wanapita tu kwenda kwa mtu mwingine.

TOVUTI NI NINI?

Tovuti ni kibao na daftari lako la bei kwa pamoja, vimewekwa mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuvifungua. Maandishi na picha zako huwekwa ndani ya kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Kompyuta hiyo yaweza kuwa Dar es Salaam au ng'ambo, haidhuru. Mteja anaandika anwani yako, au anauliza kwa maneno yake mwenyewe, "nyumba ya wageni Mikumi", na ukurasa wako unakuja mbele yake.

Mpango huu ulibuniwa na Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti huko Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba mtu yeyote duniani anaweza kuutumia bila kulipia haki. Ndiyo maana leo mwenye vyumba vitano Mikumi anaweza kuwa na anwani kama ya hoteli kubwa ya mjini. Anwani haiulizi una vyumba vingapi.

HESABU KIDOGO

Utaniuliza, "Mbona nimekwisha kuwekwa kwenye zile tovuti kubwa za kutafutia vyumba? Za nini gharama nyingine?"

Ni swali zuri. Tovuti hizo kubwa zinafanya kazi, maana ndizo zinazojulikana na wageni wa nje. Lakini zinakata kamisheni, na mara nyingi ni kama shilingi 15 katika kila shilingi 100. Hebu tupige hesabu. Tuseme kuna mama mmoja ana nyumba ya wageni, na chumba ni Sh. 40,000 kwa usiku mmoja. Kamisheni ya 15 kwa mia ni Sh. 6,000. Akipata wageni kumi kwa mwezi kwa njia hiyo, kila mmoja usiku mmoja, ametoa Sh. 60,000. Kwa mwaka ni Sh. 720,000.

Sisemi ameibiwa. Ameletewa mgeni, naye amelipa. Lakini yule mgeni aliyekuja mara ya kwanza akapenda, je, mara ya pili ana haja gani ya kupitia huko tena? Na rafiki yake aliyesimuliwa je? Hao wanatakiwa wawe na njia ya kumfikia mama moja kwa moja. Wakipata anwani yake kwenye risiti, na tovuti ikawa na bei na namba ya simu, zile Sh. 6,000 zinabaki Mikumi. Zinanunua mashuka. Kwa hiyo tumia njia zote mbili. Ya wenzako ikuletee mgeni mpya, na ya kwako imrudishe.

NI NANI ANAHITAJI TOVUTI?

Tuseme kweli, si kila mtu. Mwenye genge la nyanya pale Dumila hana haja ya tovuti. Mteja wake anatelemka kwenye basi, anaziona nyanya, anabonyeza moja kwa kidole, ananunua. Tovuti haitamwongezea kitu ila gharama.

Wakulima wa vitunguu wa Malolo ni habari nyingine. Mmoja mmoja hahitaji, lakini wakiwa kikundi wanaweza kufaidika. Mnunuzi mkubwa wa Dar es Salaam anataka kujua mambo matatu kabla ya kutuma lori: mna magunia mangapi, yatakuwa tayari lini, na nani ataongea naye. Asipojua, anamtuma dalali, na dalali naye lazima ale. Ukurasa mmoja wenye mambo hayo matatu unaweza kumfanya mnunuzi apige simu kwa kikundi chenyewe.

Kwa jumla, tovuti inamfaa yule ambaye mteja wake anatoka mbali na anaamua kabla ya kufika. Hao ni wenye nyumba za wageni, waongozaji, wenye magari ya kukodi kati ya stesheni ya Kilosa na Mikumi, wauza asali na ukili, mafundi samani na vikundi vya ngoma.

ANZA NA VYA BURE

Kabla hujamlipa mtu yeyote, kuna hatua mbili zisizo na malipo. Ya kwanza ni kuiandikisha biashara yako kwenye ramani ya Google. Mgeni akitafuta mahali pa kula Mikumi, jina lako linatokea, pamoja na njia ya kufika na saa za kufungua. Ya pili ni WhatsApp ya biashara, ambayo inakuruhusu kuweka picha za bidhaa na bei zake. Vitu hivi vinataka kifurushi cha intaneti tu, na kijana wa nyumbani anaweza kukusaidia kwa siku moja.

Wengi wangeweza kuishia hapo, na si vibaya. Kasoro yake ni kwamba vyote hivyo ni vibanda ndani ya uwanja wa mtu mwingine. Mwenye uwanja akibadili taratibu, au akaifunga akaunti yako kwa kosa usilolijua, huna pa kulalamika ukasikilizwa upesi. Tovuti yenye jina lako ni kiwanja chako.

JINA NI LA NANI?

Hapa ndugu msomaji soma polepole, maana hapa ndipo watu wengi huumia.

Tovuti ina vitu viwili vya kulipia kila mwaka. Kuna jina, yaani anwani, ambalo kwa biashara za kwetu mara nyingi huishia na .co.tz. Na kuna pango la ile kompyuta inayotunza kurasa zako. Zaidi ya hapo, kuna ujira wa fundi wa kuitengeneza, ambao hulipwa mara moja mkielewana.

Sasa hutokea hivi. Fundi anachukua fedha, anaandikisha jina la tovuti kwa jina lake yeye na barua pepe yake yeye. Si lazima awe mwizi, pengine ni uvivu tu. Miaka miwili inapita, kijana amehama, simu yake haipatikani. Jina linakwisha muda, na wewe hupati taarifa maana taarifa inakwenda kwake. Siku moja mteja anafungua na kukuta hakuna kitu. Au mtu mwingine amelichukua jina lile, na wageni wako wa miaka yote wanaelekezwa kwake. Umejenga nyumba katika kiwanja chenye hati ya mtu mwingine.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie fundi: jina liandikishwe kwa jina la biashara yangu, kwa barua pepe yangu na namba yangu ya simu. Maneno ya siri ya kufungulia yaandike kwenye daftari, daftari likae sandukuni pamoja na leseni. Andika na tarehe ya kulipia tena. Jina linaloishia na .tz linapatikana kwa mawakala wanaotambuliwa, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Na ni vizuri jina la biashara lenyewe liwe limesajiliwa kwanza BRELA, ili majina yafanane.

UANDIKE NINI?

Wengi hupenda kuandika maneno makubwa: "Karibuni sana, huduma bora, bei nafuu." Maneno hayo kila mtu anayo, hata yule mwenye kitanda kibovu. Mgeni anataka kujua yafuatayo: chumba ni shilingi ngapi, na chai ya asubuhi imo ama haimo? Kutoka kwako hadi lango la hifadhi ni mwendo gani? Gari litalala wapi? Maji yapo? Ukitoka stesheni ya Kilosa utafikaje Mikumi, na kwa nauli gani? Hili la mwisho ni muhimu, maana mgeni wa treni anaogopa kutelemka Kilosa halafu akwame. Atakayemweleza vizuri ndiye atakayempata.

Andika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wageni wengi wa Mikumi ni Watanzania wenzetu, nao pia wanataka kuheshimiwa kwa lugha yao. Picha ziwe za nyumba yako kweli, zilizopigwa mchana dirisha likiwa wazi. Na ziwe chache, zilizopunguzwa uzito. Mtu wa kijijini anajua intaneti inavyosota. Ukurasa mzito ukichelewa, mteja anauacha.

Halafu utunze. Bei ya zamani inaleta ugomvi mlangoni: mgeni anakuonyesha simu, "Hapa imeandikwa Sh. 30,000," na wewe unataka Sh. 40,000. Nani ana makosa? Masika nayo, kuanzia Machi hadi Mei, njia za mbugani huharibika na wageni hupungua. Tumia wakati huo kutangaza bei ya chini, na useme kweli kuhusu njia. Na simu iliyoandikwa pale ipokewe. Nimeona watu wakigharamia tovuti nzuri, lakini simu inalia mpaka inakatika.

Jambo la mwisho ni malipo. Matapeli wapo, wanaweza kuiba picha zako na kupokea arbuni za wageni kwa namba yao. Pokea kwa Lipa Namba iliyoandikishwa kwa jina la biashara, na uandike kwenye tovuti: "Kabla ya kuweka namba ya siri, hakikisha unaona jina hili." Mteja akiona jina la mtu asiyemjua, ataacha.

ZOEZI

Chukua kalamu na daftari. Fanyeni wawili wawili au kikundi.

1. Andika wateja wako kumi wa mwisho. Wangapi waliamua kuja kwako kabla hawajafika? Kama ni chini ya watatu, je, unahitaji tovuti sasa?

2. Mwenye nyumba ya wageni anatoza Sh. 35,000 kwa usiku. Kamisheni ni 15 kwa mia. Wageni wanane kwa mwezi walikuja kwa njia hiyo. Ametoa kiasi gani kwa mwaka?

3. Andika mistari sita ya ukurasa wako wa kwanza, bila kutumia neno "bora". Mpe mtu asiyeijua biashara yako aisome. Aliuliza nini ambacho hukukiandika?