Jinsi Ubongo Unavyopokea Mrejesho Wakati wa Kujifunza

Mgonjwa wa pumu anayefundishwa kutumia dawa ya kuvuta hurudia hatua zilezile mara kadhaa mbele ya muuguzi. Kila jaribio hufuatwa na neno: “Hapo sawa,” au “Hapana, umechelewa kubonyeza.” Neno hilo ni mrejesho, yaani taarifa inayomwonyesha anayejifunza iwapo alichofanya kimefaulu. Bila mrejesho, mazoezi mengi huweza kuimarisha kosa badala ya ustadi.

Tarajio na tokeo

Katika miaka ya 1990, Wolfram Schultz na wenzake walipima shughuli za seli za neva zinazotoa dopamini katika ubongo wa nyani. Seli hizo zilisisimka mnyama alipopewa kinywaji kitamu asichokitarajia. Nyani alipokwisha kujifunza kuwa ishara fulani hutangulia kinywaji, seli ziliitikia ishara, si kinywaji chenyewe. Kinywaji kilipokosekana kwa wakati wake, shughuli za seli zilishuka. Kwa hiyo, seli hizo hazipimi zawadi peke yake, bali tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Tofauti hiyo ndiyo huufanya ubongo urekebishe makadirio yake.

Njia mbili za kujifunza

Striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo inayopokea dopamini kwa wingi, hujifunza hatua kwa hatua kutokana na mrejesho wa papo hapo. Hipokampasi, ambayo ni nguzo ya kumbukumbu za matukio, huunganisha mambo yaliyoachana kwa muda. Mwaka 2011, Karin Foerde na Daphna Shohamy walionyesha kuwa wagonjwa wa Parkinson, ambao seli zao za dopamini hupungua, walijifunza kwa shida mrejesho ulipotolewa mara moja, lakini hawakupata shida hiyo ulipocheleweshwa kwa sekunde chache. Mwaka 2013, watafiti hao na wenzao walikuta hali iliyo kinyume kwa watu waliopoteza kumbukumbu baada ya eneo la hipokampasi kudhurika: mrejesho uliochelewa ndio uliowatatiza.

Athari za dawa

Mwaka 2004, Michael Frank na wenzake waliripoti kuwa wagonjwa wa Parkinson wasiotumia dawa wakati wa jaribio walijifunza zaidi kutokana na matokeo mabaya, na waliokuwa wametumia dawa za kuongeza dopamini walijifunza zaidi kutokana na matokeo mazuri. Jambo hili lina uzito nyumbani. Baadhi ya watumiaji wa dawa zinazoiga dopamini hushindwa kujizuia kucheza kamari au kununua vitu ovyo, hata hasara inapowaandama. Familia isiharakishe kuita hali hiyo tabia mbaya. Mgonjwa amweleze daktari mapema, wala asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa kuikatisha ghafla kunaweza kumdhuru.

Mambo ya kuzingatia

Mhudumu wa afya ataje hatua iliyofanyika vizuri na ile inayohitaji kurekebishwa, kwa kuwa “vizuri” tupu haimwelezi mgonjwa afanye nini tena. Amwombe kwanza aeleze anachotarajia kitokee, kisha waangalie pamoja kilichotokea.

Kwa mwenye upungufu mkubwa wa kumbukumbu, asilazimishwe kubahatisha. Barbara Wilson na wenzake walionyesha mwaka 1994 kuwa watu wa namna hii hujifunza vyema zaidi wanapoongozwa wasikosee, kwa sababu kosa linaweza kubaki akilini ilhali sahihisho limesahaulika.

Kwa mgonjwa mwingine yeyote, kukosea mbele ya mhudumu si aibu. Kosa lililoonekana na kusahihishwa kliniki ni salama kuliko lile linalorudiwa nyumbani kila siku bila mtu kuliona.