Kina Hupimwa kwa Uzito wa Maji

Masika yakishautia tope mto Ruvu, maji ya mbele ya Bagamoyo hubadilika rangi na kamera ya chombo kidogo cha chini ya maji haioni hata urefu wa mkono. Kinachobaki cha kumwongoza mwenye chombo ni namba moja kwenye kioo: kina. Vijana wanaounda vyombo hivi kwa mabomba ya plastiki na mota za pampu za boti, wawe wanataka kukagua kamba za mwani Mlingotini au kutazama miamba upande wa Kunduchi, wanapaswa kujua namba hiyo inatoka wapi. Ikikosea, chombo kitajikita kwenye matope au kitashuka kupita uwezo wa mfuniko wake.

Kihisi chenyewe hakipimi kina. Kinapima kanieneo, yaani presha ya maji yaliyo juu yake, na kina tunakipata kwa hesabu. Chukua presha iliyosomwa, toa presha ya hewa uliyoisoma juu ya maji, kisha gawanya kwa densiti ya maji iliyozidishwa na mvutano wa dunia. Vitabu vingi hutumia mvutano wa 9.81, lakini huku karibu na ikweta ni 9.78, na maji ya bahari yetu yenye joto la nyuzi 28 hivi yana densiti ya kilo 1,023 kwa mita ya ujazo. Zidisha hizo mbili utaona hesabu imekuwa nyepesi kweli: kila mita moja ya kushuka inaongeza milibaa 100. Mita 10 ni baa moja kamili.

Maji baridi ya mto ni mepesi zaidi, milibaa 97 na nukta kwa mita. Ukiacha hesabu ya bahari ndani ya programu ukazamisha chombo mtoni, au mdomoni mwa Ruvu wakati wa mafuriko, kwenye mita 10 utakuwa umekosea kwa zaidi ya sentimita 25. Weka densiti mahali rahisi kubadilisha.

Sasa ununuzi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Vihisi vya hali ya hewa vya bei ndogo, kama BMP280, vinauzwa kila mahali na vinavutia. Viache. Mwisho wa kipimo chake ni milibaa 1,100, na hewa peke yake pwani inakula 1,010 hivi. Kinachobaki hakimalizi hata mita moja ya maji, tena hakikutengenezwa kulowa. Kihisi cha aina ya MS5837 chenye jeli usoni ndicho kilichozoeleka kwenye vyombo hivi. Kipo cha baa 30, kinachofika karibu mita 300, na kipo cha baa 2. Hicho cha pili kinafika mita 10 tu, kwa sababu baa moja tayari imechukuliwa na hewa.

Kwa maji ya Bagamoyo mimi ningechagua cha baa 2 bila kusita, mradi chombo hakitavuka mita 10. Mkondo wa Zanzibar si wa kina kirefu. Sehemu yake kubwa haizidi mita 50, tofauti kabisa na Mkondo wa Pemba unaofika mamia ya mita. Cha baa 30 kinaonyesha mabadiliko ya milimita mbili, na watu hudhani basi ni sahihi kwa milimita mbili. Sivyo. Kosa linaloruhusiwa na mtengenezaji ni la makumi ya sentimita, na kwenye maji ya mita nne hilo ni kosa kubwa.

Wapo wanaotumia kihisi cha chuma cha pua chenye nyuzi za skrubu, kile kinachofungwa kwenye pampu za maji na kutoa volti 0.5 hadi 4.5. Ni kigumu na kinapatikana kirahisi. Lakini kile cha baa 12 kikiunganishwa na Arduino ya kawaida yenye biti 10, kila hatua ya namba ni karibu sentimita 15. Ongeza kigeuzi cha biti 16 kama ADS1115, hatua inashuka chini ya sentimita moja. Ukinunua, uliza pia kinalinganisha presha na nini. Kama mgongo wake unapumua ndani ya chombo, hewa uliyoifungia humo juani ikiwa na nyuzi 40 itapoa majini hadi 28, presha ya ndani itashuka, na kihisi kitasoma karibu sentimita 40 za kina kisichokuwepo.

Kabla ya kwenda baharini, simamisha bomba la PVC la mita tatu ukutani, ziba chini, jaza maji, kisha teremsha kihisi kwa waya uliotiwa alama kila nusu mita. Andika presha kwenye kila alama. Namba zikichorwa zitoe mstari ulionyooka. Kwa maji baridi mwinuko wake uwe milibaa 97 na nukta kwa mita; kwenye programu ya baharini tumia densiti ya bahari. Kihisi chenye skrubu unaweza kukifunga kwenye mpira mwangavu wa mafundi ujenzi, ule wa kupatia levo ya msingi, ukaujaza maji na kuupandisha ngazini. Toa mapovu yote. Kinachohesabiwa ni kimo cha maji, si urefu wa mpira.

Mfuniko nao upimwe. Kwenye mita 10, mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 10 unabanwa kwa nguvu ya kilo 80, sawa na mtu mzima kuusimamia. Shusha kwanza chombo kitupu kwa kamba na uzito hadi mara moja na nusu ya kina unachokusudia, ukiache humo saa moja, ukipandishe na kutazama oringi.

Ufukweni, loweka kihisi kwenye ndoo ya maji ya bahari dakika kadhaa kipoe, kitoe, ndipo uweke sifuri. Kifunge mbali na panga za mota: maji yanayokipiga kwa mita moja kwa sekunde yanaongeza sentimita tano za uongo. Mawimbi yatairusha namba juu na chini, kwa hiyo chukua wastani wa sekunde chache. Ukipata nafasi, shusha bildi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina, ubavuni mwa chombo kilichotulia chini. Kamba haina programu ya kukosea.

Kisha kuna bamvua. Pwani hii maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, na mita moja hivi wakati wa maji mafu. Mwamba uliousoma mita 2 maji yakiwa yamekupwa utausoma mita 5 baada ya saa sita, na kihisi hakijakosea. Andika saa pamoja na kila kina, halafu toa kimo cha maji cha saa hiyo kutoka jedwali la kupwa na kujaa la bandari ya Dar es Salaam. Bila saa, kina cha leo hakiwezi kulinganishwa na cha mwezi ujao.

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu, hivyo omba ruhusa ya Hifadhi za Bahari kabla ya kuzamisha chochote huko. Na ukirudi, suuza kihisi kwa maji baridi bila kugusa jeli kwa kidole wala brashi; ikichanika, kihisi hicho hakitengenezeki.