Reli Ikisombwa na Maji: Somo la Kilosa kwa Watu wa Rufiji

Ndugu mwanachuo, mtu wa Mbwara, Muhoro au Chumbi hahitaji lekcha ya kuelezwa mafuriko ni kitu gani. Mto Rufiji ukifurika, watu hukimbilia sehemu za juu. Maji yakishuka, hulima mlau kwenye udongo wenye unyevu uliobaki. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama pande zote mbili.

Sasa ichukue hali hiyo uipeleke kwenye reli. Basi likikuta shimo laweza kuchepuka porini. Treni haina pa kuchepukia. Reli ya Kati ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, lakini mita 50 tu za tuta zikisombwa, safari nzima imekufa. Abiria wa Tabora na Kigoma, ambao wengi wao hupanda treni kwa sababu nauli yake wanaimudu, wanabaki stesheni na mizigo yao.

Kipande kinachotufundisha zaidi ni cha Kilosa hadi Gulwe. Wajerumani walianza kujenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Kilosa waliipitisha kwenye bonde la mto Mkondoa: Munisagara, Mzaganza, Kidete, Godegode, mpaka Gulwe. Sababu inaeleweka. Treni haiwezi mlima mkali, na bonde la mto hupanda polepole kuelekea uwanda wa Dodoma. Tatizo ni kwamba bonde lina mwenyewe. Mvua za El Niño za 1997/98 ziliiharibu njia hiyo. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yalibomoa tuta na kuzoa reli, na maelfu ya wakazi wa Kilosa wakapoteza makazi. Baada ya hapo kipande hichohicho kimekatika tena zaidi ya mara moja.

Kwa nini maji yana nguvu hivyo? Kuna kanuni ya zamani ya fizikia ambayo ukiisikia hutaisahau: kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe yanaloweza kulisukuma huongezeka mara 64. Kwa hiyo mto unaotembeza mchanga leo unaweza kesho kuviringisha mawe. Na mara nyingi maji hayaishambulii reli yenyewe. Yanachimba chini ya nguzo za daraja, au kalavati linaziba kwa magogo na matope, maji yanajaa upande mmoja wa tuta, kisha yanapita juu na kulila kwa nyuma. Ukifika asubuhi unakuta reli na mataruma vinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo.

Kazi ya kurudisha njia huenda hivi.

Kwanza, treni zinasimamishwa na wakaguzi wanaikagua njia, kwa kiberenge pale inapowezekana na kwa miguu pasipowezekana. Tuta linaloonekana zima kwa juu linaweza kuwa na pango ndani.

Pili, maji yanatafutiwa njia ya kupita kabla ya chochote kujazwa. Ukimwaga kifusi kwenye maji yanayokimbia, unaulisha mto tu.

Tatu, shimo linajazwa. Mawe makubwa yanatangulia chini, madogo yanafuata, na udongo unashindiliwa tabaka kwa tabaka. Ukimwaga wote kwa mkupuo, utatitia treni ya kwanza yenye mzigo ikipita.

Nne, kokoto. Wengi hudhani kokoto za reli ni za kushikilia mataruma tu. Zinafanya hivyo, lakini pia zinayaacha maji yapenye na kutoka. Zikijaa matope haziwezi tena, na kila treni ikipita inazikanyaga na kuurusha uji wa tope juu. Ndiyo maana kokoto zilizochafuka huondolewa au huchekechwa, hata kama reli juu yake imenyooka.

Tano, mataruma na reli vinarudishwa, na nafasi kati ya reli mbili inapimwa: kwa Reli ya Kati ni milimita 1,000. Halafu treni ya majaribio inapita taratibu, na mwendo unaongezwa kidogokidogo kadiri tuta linavyokaa.

Hapo watu hupiga makofi na treni inapiga honi. Lakini kama umefuata vizuri, utaona kuna kitu hakijatengenezwa. Reli imerudi palepale, kwenye tuta lenye kimo kilekile, juu ya kalavati la ukubwa uleule. Na mto haujabaki uleule. Mchanga na udongo unaotoka kwenye vilima vya Mpwapwa, vilivyolimwa na kukatwa miti, unashuka na kujaza kitanda cha mto. Kitanda kikipanda, nafasi chini ya daraja inapungua. Mvua ambayo zamani ilipita chini, sasa inapita juu.

Wenye kusimamia reli wana hoja yao, na si ya kubeza. Kila siku ya kufungwa ni mizigo iliyolala bandarini na wateja wanaohamia kwenye malori. Presha ya kufungua njia ni kubwa, na fedha za dharura hupatikana kwa urahisi kuliko fedha za kinga. Jibu langu ni hili: fungueni haraka, lakini msifunge faili. Matengenezo ya dharura yahesabiwe kuwa bandeji. Baada yake yafuate makalavati makubwa, gabioni kwenye kingo, kusafisha mikondo kabla ya masika, na kazi huko juu milimani pamoja na wakulima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe tunaujenga kila baada ya miaka michache.

Reli mpya ya kisasa, SGR, ilichagua njia nyingine: maeneo ya Kilosa imechimbiwa mahandaki milimani. Ni suluhisho zuri, ila ni la gharama kubwa, na reli ya zamani bado iko bondeni.

Somo hili si la wanafunzi wa uhandisi peke yao. Wa jiografia anaweza kupima mchanga wa mto, wa kilimo anaweza kufanya kazi na wakulima wa milimani, wa uchumi anaweza kulinganisha gharama ya kalavati moja kubwa na gharama ya kufunga njia mara tatu. Na sisi wa Rufiji na Kibiti tuna pa kuanzia hata bila reli kupita vijijini kwetu. Barabara zetu zinakatwa na maji kwa mtindo uleule. Likizo hii, ukipita kwenye kalavati la kijijini kwenu, liangalie: limeziba kiasi gani, na mara ya mwisho maji yalifika wapi? Waulize wazee, watakuonyesha alama. Iandike, uipeleke ofisi ya kata. Maji hufuata mkondo, na mkondo unaweza kupimwa kabla ya mvua.