Mwalimu wa Morogoro asikubali kuitwa Msauzi

Barua imetoka Morogoro, kwa mwalimu wa kike wa miaka 27. Ilikuwa ndefu, imepunguzwa ikabaki hivi:

"Wakala amenipatia kazi China, kufundisha watoto Kiingereza kwenye kituo cha masomo ya jioni. Anataka milioni nne, na mama ameshazikopa kwenye kikoba chake. Nitaingia kwa viza ya M, kibali cha kazi kitafuata nikiwa kule. Nimeshajirekodi video nikisema natokea Johannesburg, maana wazazi wa kule wanapenda hivyo. Naomba ushauri kuhusu cheti cha TEFL, kile cha kufundisha Kiingereza kwa wageni: nisomee cha saa 120 au hata cha bei nafuu kinatosha? Nina digrii ya ualimu, Kiswahili na Kiingereza, na kwa sasa nafundisha sekondari binafsi, huu mwaka wa nne."

La cheti ni jepesi. Kinachotambulika ni cha saa 120, na humfaa zaidi mtu asiye na uzoefu wala digrii ya ualimu. Mwalimu huyu anavyo vyote viwili. Anataka kununua kitu ambacho tayari anacho, na kizito zaidi.

Tatizo lake liko kwenye ile video.

Afisa wa China anayetoa kibali cha kazi hatazami video, anafungua pasipoti. Ya binti huyu imeandikwa Tanzania, na hakuna lafudhi itakayoifuta. Basi video ni ya nani? Ni ya wazazi wanaolipa ada. Kituo kinachowaficha wazazi uraia wa mwalimu hakina mpango wa kuupeleka uraia huo serikalini. Kibali anachoambiwa "kitafuata" hakipo, na wakala anajua hivyo.

Utaratibu halali huanza upande wa pili. Mwajiri huomba kwanza kwa mamlaka za China na kupata taarifa ya kibali cha kazi yenye jina la mwalimu na namba ya pasipoti yake. Kwa taarifa hiyo mwalimu huenda ubalozini Dar es Salaam kuomba viza ya Z, na akishafika ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Viza ya M ni ya wafanyabiashara, kama wale wanaofuata mzigo Guangzhou na Yiwu. Haimruhusu mtu kushika chaki hata kwa siku moja.

Masharti yenyewe si siri. Kimsingi China inataka mwalimu wa lugha afundishe lugha mama yake, awe na digrii ya kwanza na miaka 2 ya kufundisha. Mwenye digrii ya ualimu anaweza kusamehewa hiyo miaka. Kwa Kiingereza, nchi zinazohesabiwa kwa kawaida ni Marekani, Uingereza, Canada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini, ndiyo maana wakala akamchagulia Johannesburg. Utekelezaji hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo Mtanzania mwenye sifa hafungiwi kila mlango, ila ajue njia yake ni nyembamba. Kuna pia cheti cha polisi kuonyesha hana rekodi ya uhalifu, vipimo vya afya, na vyeti vya shule vilivyothibitishwa.

Na hicho kituo cha jioni? Julai 2021 serikali ya China ilipiga marufuku biashara ya kuwafundisha wanafunzi wa elimu ya lazima masomo ya mtaala nje ya shule, Kiingereza kikiwemo. Kampuni kubwa ya New Oriental ilipunguza wafanyakazi 60,000 mwaka huo. Kituo kinachoendelea kimyakimya na biashara hiyo kina sababu nyingi za kutotaka mkaguzi aone mwalimu wa kigeni.

Siku mkaguzi akija, sheria inamtoza anayefanya kazi bila kibali yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa hukaa mahabusu siku 5 hadi 15. Anaweza kurudishwa kwao na kuzuiwa kuingia China kwa mwaka 1 hadi 5. Akirudi Morogoro atakuta deni la mama bado linahesabiwa. Na kikoba si benki. Wakati mama anakopa, wapo akina mama wenzake waliokubali kumdhamini, na wao ndio watakaochangishana kulifidia. Mtoto aliyesoma hana haki ya kuweka akiba ya wanawake hao juu ya uongo wa wakala.

Hilo ni la kukemewa, lakini la kuuma zaidi ni kwamba digrii yake na miaka yake ya kazi ameviweka mwisho kabisa wa barua, baada ya wakala, baada ya milioni nne, baada ya Johannesburg. Hebu aitazame kazi anayoifanya. Anapokea kidato cha kwanza watoto waliosoma msingi kwa Kiswahili, na ghafla Baiolojia na Jiografia zote ni kwa Kiingereza. Yeye ndiye anayewavusha. Kumfundisha Kiingereza mtoto ambaye nyumbani hakisikii ni ujuzi mahususi, na ndio hasa unaohitajika China. Wapo wengi waliozaliwa na Kiingereza ambao hawauwezi.

Tena amesahau kwamba hilo sharti la lugha mama lina lugha moja ambayo kwake halina shaka. Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu miaka ya 1960, leo katika vyuo vikuu kama Beijing Foreign Studies University na Communication University of China. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, lakini huko angeingia kama Mtanzania, kwa jina lake. Ufadhili wa masomo wa serikali ya China kwa shahada ya pili nao ni njia ya kweli, na haumhitaji wakala.

Afute video leo. Mama arudishe fedha kikoba kabla riba haijapanda. Wakala aambiwe aonyeshe leseni yake, pamoja na taarifa ya kibali yenye jina la binti na pasipoti yake ya Tanzania, kabla ya kupewa shilingi moja. Asipoionyesha, mwalimu asipande ndege.