Stika za Zimwi Zing'aazo

Wengi wameniuliza stika za zimwi walizoziona siku ya mchezo wetu wa kuigiza zilinunuliwa duka gani. Hazikununuliwa. Nilizitengeneza nyumbani kwa shangazi yangu, Nakuru, katika likizo ya Agosti, na leo nataka kuwaeleza kazi hiyo pamoja na makosa yangu.

Shangazi hupika keki za kuuza, naye ana mashine ndogo ya kukatia lebo. Huunganishwa na kompyuta, na ndani yake mna kisu kidogo kinachofuata mchoro. Mimi nilikuwa nimekwisha kupokea shilingi 20 kwa kila mmoja wa wenzangu 30. Kwa fedha hizo nilipata karatasi 5 tu za kunata zenye kung'aa, na kila moja yatosha stika 15.

Kwanza, tujue mng'ao watoka wapi. Juu ya karatasi hiyo pana utando wa plastiki wenye mifereji midogo mno, isiyoonekana kwa macho. Mwanga mweupe ukiipiga, hugawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, kama mgongo wa CD. Watu huiita karatasi ya hologramu, lakini hologramu halisi, aliyoibuni Dennis Gabor nchini Uingereza mwaka 1947, huonyesha umbo zima la kitu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Sisi twatumia mng'ao tu.

Pili, mchoro. Printa ya kawaida haina wino mweupe. Mahali palipo peupe katika mchoro hapachapwi, kwa hiyo hubaki pakimetameta. Basi siri ya kutisha ndiyo hiyo: mpake zimwi weusi mwili mzima, umwachie macho na meno. Ukiigeuza stika, macho hubadilika rangi kana kwamba yanakufuata. Ukijaza rangi kila mahali, mng'ao hupungua na zimwi hufa.

Tatu, kuchapa. Nunua karatasi iliyotengenezwa kwa wino wa printa yako, kisha uiache ikauke. Mimi niliishika upesi, wino ukatapakaa, na karatasi ya kwanza ikaharibika.

Nne, kukata. Karatasi hubandikwa juu ya mkeka wa plastiki wenye gundi, ndipo iingizwe mashineni. Kisu chapaswa kukata ngozi ya juu tu, wala kisifike karatasi ya nyuma. Jaribu kwanza umbo dogo pembeni. Mimi sikujaribu, kisu kikapita mpaka mkekani, na nilipobandua, karatasi ya pili ikachanika vipande vipande.

Karatasi ya tatu ilinitoa jasho. Mashine ina jicho linalosoma alama nyeusi zilizochapwa kandokando ya picha, ili ijue pa kukata. Ilisoma vibaya, ikapitisha kisu katikati ya macho ya mazimwi yote. Sasa nilibakiwa na karatasi 2, yaani stika 30 kamili, na fedha za watu zimekwisha. Nilifikiri nitawaambia nini wenzangu.

Shangazi alikuja akatazama. "Mwanangu," akasema, "jicho la mashine limepigwa na mng'ao. Wewe ukimulikwa tochi usoni, waona? Mimi lebo zangu za dhahabu huzifunika alama kwanza."

Akanipa selotepu ile isiyong'aa, ambayo ukiibandika bado waona kilicho chini yake. Niliibandika juu ya alama zote, nikaikandamiza vizuri kwa kidole, bila kugusa picha. Safari hii nilijaribu kisu pembeni kwanza. Mashine ikasoma, ikakata sawasawa. Karatasi ya mwisho niliifanya polepole zaidi, na stika 30 zikatimia. Kila aliyelipa alipata yake. Ndiyo sababu mimi mwenyewe sina hata moja.

Wazee husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mashine ile nami sasa twajuana, lakini ilikuwa imekwisha kunila karatasi 3. Ninyi anzeni na selotepu.