Kupaka Maji Kichwani: Kwa Nini Maimamu Walihitilafiana?

Muhula uliopita tulikosana, mimi na mwenzangu mmoja wa darasa, kwa sababu ya kutawadha. Wazee wake walitoka Sudan, ambako Waislamu walio wengi hufuata madhehebu ya Imamu Malik. Mimi ni mtu wa pwani, nami nimelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii. Aliniona bombani nikipaka maji nywele chache za mbele, akasema udhu wangu haukutimia. Nikamjibu kwa ukali. Wiki mbili hatukusali pamoja.

Mwalimu wetu wa dini alipopata habari hakumkemea yeyote, bali alitufungulia Bidayat al-Mujtahid, kitabu cha Ibn Rushd, aliyekuwa kadhi wa Cordoba na kufariki mwaka 1198. Kitabu hiki hakitaji tu nani kasema nini. Hueleza sababu iliyowafanya wahitilafiane, na hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Basi katika jambo letu sababu ni herufi moja. Aya ya 6 ya Sura ya Al-Maida yaamrisha kupaka vichwa, na neno hilo "vichwa" limetanguliwa na herufi ba. Huenda ba ikawa ya kutilia nguvu maneno tu, na hapo kichwa ni kichwa kizima. Ndivyo alivyoshika Malik. Tena huenda ikaonyesha sehemu. Hata kwetu, ukisema umemshika mtu nguo, nani atadhani umeikamata nguo yote? Shafii alishika maana hii, akasema hata kidogo chatosha. Kwa Abu Hanifa ni robo ya kichwa.

Je, hadithi hazikuamua? Hadithi ya Abdallah bin Zaid, iliyomo katika Muwatta ya Malik mwenyewe, yaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alipitisha mikono miwili toka mbele ya kichwa mpaka kisogoni, kisha akairudisha. Washafii hawaikatai, husema huko ni kuitimiza sunna, wala si kipimo cha chini cha faradhi. Nao hutoa hadithi ya Mughira bin Shuba katika Sahih Muslim, kwamba Mtume alipaka nywele za mbele na juu ya kilemba.

Hapo mwenzangu aliruka: kama nywele za mbele zatosha, kilemba kilipakwa kwa nini? Nikamwuliza nami: kama kichwa kizima ni lazima, je, kilemba ni kichwa? Mwalimu akacheka, akasema maswali hayo yalikwisha kuulizwa karne nyingi kabla yetu. Akatukumbusha kuwa Shafii aliisoma Muwatta kwa Malik huko Madina, kisha akahitilafiana naye katika mambo mengi, wala hakuacha kumsifu.

Mimi ningali Mshafii. Lakini siku hizi nikijua kuwa mwenzangu atasali nyuma yangu, hupaka kichwa kizima, kwani kwangu hilo ni sunna na kwake ni faradhi. Swali la kilemba bado hatujalimaliza.